Jedwali la Magunia ya Pweto

Lubumbashi, 4 Machi 2025

Mujomba Abibu,

Salamu alaikum. Ni mwaka wa ishirini na saba tangu vita ikutoe hapa mutaani Bel-Air. Goti yako iko namna gani? Siye tuko muzuri.

Chama ya wafanyabiashara inataka kuchukua programu yangu ya samaki wakavu wa Pweto. Inahesabu kilo zenye gunia inapoteza njiani, Pweto mpaka hapa, kwa kukauka, juu badereva basisingiziwe wizi. Karatasi yao iliuliza kama kuna mutu mwengine mwenye haki ndani. Kujibu haikuwa lazima. Gradi, mwenye niliandika naye programu, akasema: « Weye Rachida, nani atayua? Acha wazi! » Nikaandika jina yako. Hesabu yote inatoka mu jedwali ya daftari yenye ulimwachia mama.

Sasa wamesimamisha kila kitu mpaka ukubali. Gradi haniongeleshi. Ukikataa, kazi ya miaka tatu imekufa.

Mupwa wako, Rachida

Kigoma, 29 Machi 2025

Mpwa wangu Rachida,

Waalaikum salaam. Goti huuma siku za mvua tu, na mvua haijakatika.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Jedwali lile nilikuwa nimelisahau mwenyewe. Ungenyamaza, nani angekudai? Umenifundisha uzeeni.

Basi nami niseme langu. Mimi nilipima magunia Lubumbashi tu. Aliyeyapima Pweto, misimu mitatu, ni dereva Onésime; aliandika kilo nyuma ya pakiti za sigara. Bila kilo zake, zangu hazina maana. Watu waliliita jedwali la Abibu, nami nikaitika. Yeye amefariki; binti yake, Espérance, nasikia anauza unga mjini Kambove. Mwombe ruhusa, na jina la baba yake litangulie. Haki yangu nimeitoa bure kwa wote watakaolitumia jedwali. Barua ya ruhusa yenye saini imo humu.

Mjomba wako, Abibu

Lubumbashi, 2 Juni 2025

Mujomba,

Salamu, na pole ya goti. Nilimukuta Espérance. Alilia, kisha akacheka: « Kumbe sigara ya papa yangu ilikuwa na faida! » Akasaini. Programu inatumika tangu wiki tatu sasa. Gradi anaongea tena. Anasema kukuandika ilikuwa wazo yake!

Chama inakuita usome majina mbili ya wenye jedwali mbele ya badereva. Chumba yako iko tayari.

Rachida, mupwa wako

Kigoma, 20 Juni 2025

Mpwa wangu,

Afya ipo, alhamdulillahi. Waambie nimeshukuru. Majina yasome wewe, uliyeandika langu bila kulazimishwa: Onésime kwanza, kisha Abibu. Chumba kile mpe Espérance akija mjini.

Mimi sitarudi pale vita viliponitoa.

Mjomba wako