Mama Asumini Amenipita

Lupaso, Jumatano

Kwa mbio hizi nitafia njiani. Leo ni siku ya nne, na bado sifiki kwenye mashine ya kusaga bila kusimama mara mbili, nimeshika magoti.

Daktari wa Masasi amesema sukari iko juu, nisipotoa jasho mguu utaoza kama ulivyomwozea kaka kabla hatujamzika. Tangu kiwanda cha korosho kifungwe na sisi makarani tupunguzwe, nimekaa barazani nikinenepa tu. Basi nikanunua raba za mtumba.

Asubuhi nimepita kwa Mama Asumini, bibi wa nyumba ya tatu, bila kusimama kumwamkia. Kosa langu. Huku mtu mzima akipita mbio bila shikamoo, watu wanajua anapeleka habari ya msiba.

Nikasikia kilio nyuma yangu. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, pekupeku, anakuja. Akanifikia kwenye mikorosho. Akanipita! Bibi mwenye wajukuu wakubwa.

Mbele kidogo akageuka. "Baba Rehema, nani kafa?"

"Shikamoo, Mama. Hajafa mtu. Nafanya mazoezi."

"Marahaba. Sasa unalia nini?"

Nikasema ni jasho. Sijui kama lilikuwa jasho.

Akafungua kanga, akajifunika upya, akarudi kwake akinung'unika kwamba nitauleta huo msiba kweli.

Kesho nitapita njia ya makaburini. Kule yuko kaka, na yeye hataniuliza nani kafa.