Shemeji, Yule Daktari Hakufa

Mlango umejifunga, shemeji, na yule daktari wako amebaki upande wa pili. Kijana mmoja amesukumwa nje na yeye, ako chini anakohoa, na daktari bado ako ndani ya ile shamba yao ya vioo, hewa inaisha. Anagonga. Nimeona mkono wake kwa kioo. Nikasimama mbele ya TV nikasema, "Shem, njoo uone," nikageukia kochi.

Ndiyo nikakumbuka hauko.

Tulianza hii series Jumapili moja, wewe umetoka kanisa yenu, mimi yetu. Mtu wa movie hapa Kimbo alituwekea yote kwa flashi. Watu wamejenga mji kwa mwezi, wanapanda mboga ndani ya vioo. Ndugu yangu Wafula alikuwa amelala nyuma ya pazia, ametoka shift ya usiku huko Thika, na wewe umekaa na mimi huku upande wa kochi, unamenya viazi ukinielezea. Mimi Kizungu kiliniacha darasa la nne. Wewe ulimaliza fomu foo. Lakini hukuwa unatafsiri tu, ulikuwa unaongeza yako. Kapteni anaongea maneno mingi, na wewe unaniambia, "Anasema hana akili."

Ulimpenda daktari juu ya vile anakula akiwa amesimama. "Huyu ni mama ako na boma ya kulisha," ulisema. "Si unaona, hata kwa mwezi hakuna mtu anamwachia kiti."

Hiyo ya kwanza ikaisha, ingine ikaanza yenyewe. Mambo ikawa imebadilika. Mtoto alikuwa kwa tumbo, sasa anatembea. Kapteni amebaki kipara.

"Haiya!" ukasema. "Kumbe huko juu watoto wanakua kama sukuma wiki ya mvua."

"Na nywele ya kapteni?"

"Hakuna chai huko. Wewe ungebaki na nini?"

Tulicheka mpaka Wafula akapiga ukuta. "Nyinyi wawili mnaongea kuliko hiyo TV!"

Halafu wakakaa kula, na daktari hayuko. Uliacha kumenya. "Yule mama ako wapi?" Ukangoja. Wanapitishiana sahani tu. "Barasa, hawa watu wanakula! Hakuna hata mmoja anauliza?" Ulikasirika kweli. Ukazima, ukasema huwezi kaa na watu kama hao kwa nyumba yako.

Baada ya hapo hatukuangalia tena. Siku moja nikatoka kazi ya mjengo huko Gatongora, nikapata nguo zako haziko kwa kamba. Wafula alikuwa amekaa kwa kitanda na viatu.

"Ameenda kwao," akasema.

"Sawa."

"Na hiyo jina yake sitaki kuisikia hapa."

Nikasema sawa tena. Hiyo "sawa" mdomo wangu umeizoea.

Kesho yake akatoa pazia. Nilidhani nyumba itakuwa kubwa bila pazia, na ikawa kubwa, lakini vibaya. Sasa tunakula, yeye anaangalia ukuta, mimi naangalia mlango. Mama wa mlango wa tatu alijaribu kuuliza, Wafula akavuta mlango, naye akarudi kwa nguo zake za kufua za kila siku na ndoo yake.

Leo nimekuwa pekee yangu, nikaweka flashi. Namba nazijua, kwa hivyo nikaangalia vile zimepangwa. Moja, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, halafu ndiyo mbili. Shemeji, tuliruka mpaka ya kumi! Ni TV inapanga hivyo. Watoto wa huko hawakui mbio. Nilitaka kucheka, lakini kucheka pekee yako ni kama kukohoa.

Sasa nikaweka hiyo ya pili, bila mtu wa kunielezea. Maneno sikushika. Niliangalia nyuso. Baada ya mlango kufungwa kijana alikaa hapo chini, ameweka mkono mahali mkono wa daktari ulikuwa. Kapteni akamwinua. Akaongea na wote polepole, vile mtu huongea akiwa ameshaamua. Wote wakaangalia chini. Wakienda kula, mmoja akatoa sahani ya daktari kwa meza, na hakuna mtu alikuwa amemwambia atoe. Si ati hawakumpenda. Niliona macho yao. Kila mtu alikuwa anangoja mwenzake ndiye aulize kwanza.

Halafu mwisho kabisa, wakiwa wamelala, ikaonyesha nje. Mtu mdogo sana kwa mchanga mweupe, anatembea na chupa ya hewa kwa mgongo. Mbele yake, mbali, kuna nyumba ya zamani na taa inawaka. Ni yeye. Hakufa, shemeji. Alipata mlango mwingine.

Nilikaa hapo mpaka yale majina ya mwisho yakaisha kupanda.

Sijui mlikosana nini na ndugu yangu, na si yangu kujua. Watu wanasema bibi akienda, ushemeji umeisha. Lakini mimi hakuna mtu aliniuliza kama umeisha. Nilitoka Bungoma nikiwa simjui mtu huku, isipokuwa ndugu anayelala mchana. Wewe ndiye ulinionyesha mahali maji inauzwa, na ni wewe ulikuwa unanipigia stori kama mtu ako na akili. Siku hizi mtu ananiongelesha ni fundi, akitaka mchanga.

Kwa hivyo wacha niulize mimi. Uko wapi? Unakula nini? Jioni unaongea na nani?

Huyo fundi anasema ni kama alikuona huko Witeithie, unauza chapati kando ya barabara. Hana uhakika. Wacha niende sasa, maana Wafula wiki hii anatoka kazi saa kumi jioni, na akinipata kwa mlango na shati safi ataniuliza naenda wapi, na kumdanganya siwezi. Nikipata si wewe, nitarudi. Nikipata ni wewe, nitakupa hii barua usome, na kama hutaki kuona watu wa huku, usiseme kitu. Nitanunua chapati mbili kama customer mwingine yeyote, niseme asante, niende.

Mimi bado shemeji yako,
Barasa