Kioo Nilichokikausha

Dada Jalila, shikamoo.

Toka Mtongwe hadi Changamwe hakuna fundi simu kama mimi. Simu maiti ikisikia sauti yangu tu, inawaka! Wewe na digrii zako utaniweza? Mama hajambo. Binamu Hashim kaoa.

Kile kioo cha kuonyeshea picha, cha utafiti wako wa miaka mitatu, ulichoniachia nikitunze penye ubaridi, nilikiona kina majimaji ndani. Nikakipuliza kwa mashine ya joto, kama tukaushavyo simu zilizolowa.

"Kwani alikwambia kimelowa?" akauliza Munga, jirani wa kibandani.

"Wewe pika chapati, simu niachie mimi."

Sasa hakionyeshi kitu. Kumbe majimaji yale ndiyo yaliyokuwa yakichora picha. Ulinieleza, nami nikikucheka. Wallahi, dada, kazi yako nimeiua mimi.

Nduguyo,
Hamadi