Vidole Vinne

Miasenyi, 12 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi na Austin tu wazima. Natumai miguu yako imepunguza kuvimba na mdogo wangu Shanice yuko salama. Usishangae kupata karatasi. Simu yangu ikilia, Kimanzi anataka nyumba nzima isikie, na haya si ya kusikiwa na mume. Silvanus akileta kabichi kwa gari kutoka huko kila Jumanne, yeye ndiye posta yetu.

Mama, Austin ana miezi mitano na tumbo langu halijarudi. Leso nafunga kila asubuhi vile ulinifunga siku ile nimetoka wodi, mpaka chai inakataa kushuka. Nikiinuka kitandani, katikati ya tumbo panasimama tuta kama la viazi. Wanaosimamisha magari kununua vitunguu vyangu wananiuliza niko na miezi mingapi.

Nimeenda kliniki huko Voi. Kuna msichana wa fizio, hawa wa tiba ya misuli, anaitwa Ndanu. Alinilaza chali, akaniambia niinue kichwa, akabonyeza juu ya kitovu. Vidole vinne viliingia. Anasema misuli ya tumbo iliachana nikiwa na mimba na haijakutana tena. Si mafuta, si uvivu. Dawa ni mazoezi: nilale magoti juu, nitoe pumzi polepole nikivuta kitovu ndani, mara kumi, kutwa mara tatu. Nikiamka nigeuke ubavu kwanza. Leso nilegeze, kwa sababu ikibana sana inasukuma vya ndani mahali pasipofaa. Na nisibebe kizito miezi mitatu.

Hapa hiyo haiwezekani. Maji ni mitungi ya lita ishirini, na magunia ya vitunguu ni juu yangu. Naomba nije Ronge hiyo miezi mitatu. Sitakusumbua.

Mwanao,
Daisy

Ronge, 19 Machi 2024

Mwanangu Daisy,

Marahaba. Miguu ni ile ile, lakini naamka, nashukuru Mungu. Nibusie mjukuu wangu.

Hayo ya vidole siyaelewi. Nimezaa watano na hakuna msichana aliyenibonyeza. Tumbo la mzazi linafungwa, basi. Uliilegeza leso mapema ndiyo maana limekushinda.

Na kuja huku, hapana. Binti ya Thadeus alirudi kwao Januari na tumbo, na kanisa zima likahesabu miezi. Hata mimi nilihesabu. Wewe ukishuka hapa hivyo, watasema Kimanzi amekurudisha na mimba ya mtu mwingine. Utawaonyesha hivyo vidole vinne mmoja mmoja? Mvumilivu hula mbivu. Nimempa Silvanus leso mpya, nzito. Ikaze.

Mama yako

Miasenyi, 30 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Mtoto ameota meno mawili. Mimi sijambo kidogo tu.

Nilifanya mazoezi kwa siri mwezi mzima, na Ndanu akapima akapata vidole vitatu. Nilifurahi mpaka nikalia pale kitandani. Halafu Kimanzi akarudi kutoka Emali, alikokaa wiki nne akinunua vitunguu. Wenzake barabarani wakampongeza kwa mtoto anayekuja. Akahesabu na yeye, maana tangu Austin azaliwe hajanigusa. Siku hizi analala sebuleni na neno lake ni moja: "Ukizaa tutajua baba ni nani." Karatasi ya kliniki anasema naweza kuwa nimeinunua.

Basi nikachukua leso yako nikakaza, ili nionekane bapa, na magunia nikabeba peke yangu kwa sababu hanisaidii tena. Sasa kitu kimetokea kwa kitovu, ukubwa wa ndimu. Nikilala kinarudi. Ndanu amekasirika sana. Anasema ni utumbo unaopenya kwenye misuli, panahitaji kushonwa, na siku ukitoka ukauma na ukakataa kurudi, nikimbie hospitali saa hiyo hiyo.

Nakuomba mara ya pili, Mama. Nataka mahali pa kulala chini tu.

Mwanao

Ronge, 7 Mei 2024

Mwanangu,

Salamu nyingi. Pole na hayo. Nimeyasoma.

Lakini wakwe wa Shanice wanakuja tarehe nane Juni kujitambulisha. Ni watu wa kuangalia, na wataangalia wanawake wa nyumba hii kwanza. Wakikukuta na tumbo hilo, mdogo wako ataharibikiwa. Ngoja waje waondoke. Ni mwezi mmoja tu.

Mama yako

Ronge, 11 Juni 2024

Daisy mwanangu,

Hujambo? Wageni walikuja Jumamosi, wakala, wakaridhika. Sasa njoo. Silvanus atakuweka kiti cha mbele.

Kuna jambo nilikuficha. Ulipoandika vidole vinne nilifunga mlango, nikalala chali, nikainua kichwa. Kiganja changu kizima kiliingia. Ni tangu nimzae Shanice, miaka ishirini na sita. Marehemu baba yako hakuwahi kuona tumbo langu mchana. Nilijua ulichonieleza, mama, nilikijua kuliko huyo msichana, na nikakuambia ukaze kwa sababu mimi nilikaza. Niliona aibu. Njoo, hutainua hata sufuria.

Mama yako

Voi, wodini, 18 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Naendelea kuishi. Barua yako Silvanus aliniletea huku baada ya kukosa mtu nyumbani, na najua ndiye aliyekupa habari.

Jumamosi ile ya wageni wako utumbo ulitoka ukakataa kurudi. Nilikupigia mara tatu, simu ilikuwa imezimwa. Kimanzi alikataa kunileta, akisema ni uchungu wa mimba. Majirani ndio walionibeba, Jumapili asubuhi. Wamekata kipande cha utumbo uliokufa. Daktari amemwambia Kimanzi hapakuwa na mimba yoyote, na tangu hapo analia kwenye korido na kuleta matunda. Simtaki.

Ulipokuja Jumatano sikuwa nimelala. Nilifumba macho tu. Nilisikia ukiniita na sikutaka kuitika.

Nikitoka naenda Kaloleni, hapa hapa Voi. Ndanu amenipatia chumba kwa shangazi yake, na mazoezi nitaanza upya nikipona kidonda. Amesema atakuona Jumatano yoyote, nimeshamweleza. Nenda, ulale pale kitandani, umruhusu akuguse tumbo, na umwambie ukweli wote.

Kwangu usije. Siku nitakayoweza kukutazama bila hasira nitakuandikia.

Mwanao