Yule Aliyepokea Simu ya Mama

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini zinakukuta mzima, wewe, shemeji, na wale mapacha wako wasiojua kukaa kitako. Mimi mwili hauna neno, ila kuna kikohozi kimeniganda tangu wiki iliyopita na hakitaki kuniaga.

Usishangae kuona barua badala ya simu. Kwenye simu nina sauti nyingi mno, na wewe unazijua tangu utotoni. Unakumbuka Mama alivyonipachika jina la Kasuku? Nilikohoa kama mume wa jirani, mkewe akatoka mbio na chupa ya dawa, kumbe mumewe yuko kazini. Mama alinichapa huku anacheka. Karatasi haina sauti, ndiyo maana nimekaa nayo tangu asubuhi.

Uliniuliza kuhusu mchezo wetu nikakujibu juujuu. Nilipewa nafasi ya fundi kufuli aliyewakana ndugu zake, mtu anayemwambia kila mteja kwamba hana mama. Mwongozaji wetu ni wa wale wasiotaka mwigizaji aigize; wanataka awe mtu huyo hasa. Machozi ya kubana macho alisema anayajua na hayataki. Akanipeleka kwa fundi kufuli wa kweli, kibanda cha nyuma ya kituo cha mabasi, nikapiga tupa funguo za watu wiki tatu nzima. Kovu la kidole gumba ninalo mpaka leo. Mwenzangu aliyeigiza kipofu alifungwa kitambaa mchana kutwa, akaugonga mlango wa choo kwa paji la uso hadi bawaba ikang'oka. Sisi tulicheka mpaka mbavu zikauma, yeye akaendelea kupapasa ukuta.

Sheria kubwa ilikuwa moja. Kuanzia asubuhi hadi jioni hakuna anayeitika jina lake, wala simu hazizimwi. Simu ikilia, anayepokea ni yule mtu wa kwenye mchezo. Mwenzetu mmoja, aliyeigiza muuguzi, alikuwa akitoka uani kila mtoto wake alipopiga, akazungumza naye kama mama yake, kisha akarudi kukaripiwa. Tulimwona hana moyo wa kazi. Mimi ndiye niliyemsema kuliko wote, na leo natamani ningekuwa yeye.

Basi nije kwenye la nyumbani. Miezi minne iliyopita ulinipigia ukaniambia Mama ameanza kupotea. Ulisema anang'ang'ania kwamba alinipigia mara tatu akapokea mtu mwenye sauti yangu, akamwambia hamjui. Ulimcheka kidogo, kisha ukalia. Kaka mkubwa akasema ndivyo uzee unavyoanza. Mkamnyang'anya simu ili asisumbue watu, mkamkataza kuwasha jiko akiwa peke yake. Sasa mmeamua Jumamosi hii cherehani yake ichukuliwe na nyumba ifungwe, ahamie kwako. Mliniuliza nami nikasema sawa, bora apumzike.

Dada, Mama hajapotea popote. Yule mtu nilikuwa mimi.

Alipiga saa nne asubuhi, tukiwa katikati ya mazoezi. Alitaka kipimo cha shingo yangu, alikuwa ananishonea shati. Wenzangu wote walikuwa wananitazama, na mwongozaji amekunja mikono anangoja. Nikamwambia mimi ni fundi kufuli, sina mama, amekosea namba. Aliomba radhi, akasema sauti yangu imefanana mno na ya mwanawe. Kesho yake akapiga tena, nikamjibu vilevile. Mara ya tatu aliniuliza kama simu hiyo niliiokota njiani, akanisihi nikimpata mwenyewe nimwambie mama yake hajambo, asiwe na wasiwasi. Nilikata. Mwongozaji alinipiga begani, akasema sasa nimefika.

Nilijiambia nitampigia jioni, tukimaliza. Jioni nikaona aibu, na kila siku iliyopita aibu ikazidi kunenepa. Wewe uliponipigia nilikuwa na nafasi ya kusema, nikanyamaza. Na kuna baya zaidi. Kila onyesho, nilipotakiwa kulia, nilikuwa nikiikumbuka ile radhi aliyoniomba, na machozi yakaja yenyewe. Watu walisimama wakapiga makofi. Nilimfanya mama yetu aonekane amepungukiwa akili, kisha nikamlilia jukwaani. Naona haya hata kuandika.

Mchezo ulikwisha juzi. Jana nikampigia kwa simu ya jirani yake wa mlango wa pili. Nikamwambia ni mimi, Kasuku. Kwa adabu ileile akasema ni kweli nafanana naye, lakini watoto wake wamemweleza kwamba siku hizi masikio yanamdanganya, kwa hiyo hawezi kujiamini. Akanishauri nimpigie binti yake, yeye ndiye atakayejua kama mimi ni mimi. Akanitajia namba yako yote kwa kichwa, tarakimu moja baada ya nyingine, taratibu ili niandike. Hakukosea hata moja.

Nakuomba mrudishie simu yake leo hii. Cherehani isiguswe. Nakuja Alhamisi kusema haya mbele yake na mbele yenu, na mkinifukuza nitaelewa. Mwambie kaka mkubwa, umsalimie sana shemeji, na mapacha uwabusu. Mama mwambie kipimo cha shingo ni kilekile.

Ni mimi, mdogo wako,
Kasuku