Mluzi Uliotoka Kwenye Wavu

Mdogo wangu wa pekee,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umeketi. U hali gani? Magoti je, bado yanatabiri mvua? Na shemeji bado anakoroma, au umeshamziba? Mimi ni mzima kuanzia unyayoni hadi shingoni. Hapo juu kidogo ndipo penye maneno, na tutafika, usinikimbize. Nyumbani hakuna jipya, ila ndege wa darini wamehama bila kuaga, na lile birika langu la kupiga mluzi limekuwa bubu. Maji yanachemka kimya kimya mpaka yanakauka, na jirani ndiye anayenigongea akiona moshi. Nilimwambia kwamba vyombo vya siku hizi havina adabu. Aliniangalia kwa namna ambayo sikuielewa.

Kibarua changu cha maktaba ya muziki kinaendelea. Chumba kina feni, meza mbili na kompyuta. Mkubwa wangu ni mkutubi, binti wa umri wa kitinda mimba wangu, na ananiita Mzee Besi kwa sababu anajua nilipigia bendi gitaa la besi. Nyimbo za kwenye kanda zilihamishiwa zamani kwenye mafaili makubwa yanayoitwa WAV. Mimi nayaita wavu, na jina limewaingia wote mle ndani, maana yamenasa kila kitu, hadi kikohozi cha mpiga ngoma. Sasa kompyuta imejaa, imeamuliwa yageuzwe yawe MP3, madogo. Nilimuuliza mkutubi yanapunguaje. Akanieleza kwamba programu inazitupa zile sauti ambazo sikio la binadamu halizisikii. Nikamuuliza, la binadamu yupi? Akacheka, akaniambia nisimchoshe asubuhi. Mdogo wangu, swali lile nililiuliza kwa utani.

Utaratibu wa kazi ni geuza, sikiliza, ndipo ufute wavu. Nami unavyonijua, nilikwisha kuugeuza na utaratibu wenyewe: nageuza, nafuta, halafu nasikiliza kwa raha zangu nikinywa chai. Juzi likaja faili la bendi yetu. Ni ule wimbo wa marehemu wifi yako, uliyekuwa ukimwita Filimbi, ambao mwishoni sote tunanyamaza na yeye anapiga mluzi peke yake. Unajua kanda yenyewe ilipindwa na jua pale dirishani. Unajua pia hakuwa mtu wa kurekodiwa. Kilichobaki cha pumzi yake hapa duniani ni mluzi ule. Basi nikageuza, nikafuta, nikavaa hedifoni. Besi yangu hiyo hapo, nene, haijachakaa. Ngoma zipo. Tukafika mwisho, tukanyamaza sote, nikasubiri. Kimya. Kisha kikohozi cha mpiga ngoma, na wimbo ukaisha.

Nilijua programu imeuona mluzi wa mke wangu ni takataka na imeutupa, na wavu nimeufuta mimi kwa kidole changu hiki. Kila mkutubi alipoingia, jasho lilinitoka kama mwizi wa kuku. Nikajaribu ujanja: nikaigeuza ile MP3 iwe tena WAV. Faili likanenepa mbele ya macho yangu, likarudia uzito wake wa zamani, na roho nayo ikanirudi. Nikasikiliza. Kumbe unene wote ule ni tumbo la hewa.

Sikuwa na pa kukimbilia, nikamwambia mkutubi. Nilitegemea anifukuze. Yeye akanituliza tu, akasema kinachofutwa hukaa kwanza kwenye pipa la taka la kompyuta, na humo akautoa wavu wenyewe, mzima, kama ulivyokuwa. Nilimshukuru mpaka akaona haya. Nikavaa hedifoni. Besi, ngoma, kimya, kikohozi.

Nikamwambia kwa ukali kwamba hata pipa lao linakula vitu vya watu. Akanivua hedifoni, akavaa mwenyewe. Nikawa namtazama. Kichwa kilifuata besi, kisha kikatulia, nikajua tumenyamaza. Ndipo akatabasamu. Akakunja midomo, mashavu yakaingia ndani, akaanza kumfuatisha. Mdogo wangu, nilisimama karibu yake kiasi cha kunusa mafuta ya nywele. Niliona koo likicheza. Nilisikia feni. Nilisikia kidole chake kikigonga mapigo mezani. Midomoni mwake hakikutoka kitu.

Alipomaliza akaniuliza kama nimeridhika. Nikasema sana. Nilipofika nyumbani nikachungulia darini, nikawaona ndege wote wapo, midomo inafunguka na kufungika. Nikateleka birika, nikakaa mbele yake, mvuke ukatoka kwa hasira na kifuniko kikatetemeka chini ya kidole changu. Sasa namwelewa jirani.

Haya sijamwambia mtu mwingine. Mkutubi anadhani machozi yaliyonitoka pale yalikuwa ya kumkumbuka marehemu. Naogopa, na unajua mimi huwa naogopa mbwa na wewe tu. Sauti nyembamba zimekwisha ondoka. Naogopa zitafuata za watoto, kisha za wanawake, nibaki na feni na besi yangu mwenyewe. Na linalonitisha kuliko yote ni kwamba mluzi ule naukumbuka ulivyoanza tu. Katikati naona naanza kubuni.

Sasa nakuomba. Mlipokuwa mkigombana na marehemu jikoni, ulizoea kumwigiza kwa kejeli, ukiuimba mluzi wake kwa hiyo sauti yako ya fahali mwenye mafua, mpaka mwenyewe anacheka na ugomvi unaisha. Nilikununia, lakini hukuwahi kukosea hata noti moja. Usinipigie simu, sijui kama bado inaita. Njoo mwenyewe, ukae hapa upande wa kushoto, wenye sikio lenye nafuu, uuimbe vilevile, kwa kejeli yote uliyonayo, wote mpaka mwisho.

Msalimie shemeji, na wajukuu uwaambie babu anawapenda, wakija waongee kama madereva wa malori. Ukifika mlangoni usiite. Piga kwa ngumi.

Ni mimi kaka yako,
Besi