Tairi la Meno Halikuibwa

Mpendwa Baba Furaha,

Leo asubuhi nimesikia tena tairi likipita nje ya dirisha. Lilikuwa la mistari, limejaa upepo vizuri, na mwenye nalo hakuwa na mzigo. Nimeyajua hayo nikiwa nimelala, macho nimeyafumba, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kuyasikia. Siku hizi usingizi wangu na kuamka kwangu havina mpaka. Vinaingiliana kama ziwa na milima ya Burundi wakati wa ukungu, na katikati yake unapita wewe na kinga yako. Sijaacha kuiita kinga, ingawa darasani nilikuwa nikiwasahihisha watoto waandike baiskeli.

Daktari amezungumza na Furaha barazani kwa sauti ya chini, akidhani mwalimu mzee hasikii. Basi nikaomba kalamu. Kuna jambo nimekaa nalo tangu vita vile, na sitaki kwenda nalo kaburini. Nimemwomba binti yetu aisome barua hii mbele ya mafundi wa kinga hapa Songo, wenzako wa kazi, kwa kuwa uongo wenyewe uliaminiwa mbele yao. Tairi lako la meno halikuibwa. Nililificha mimi.

Nikishasema hivyo, naona misumari mitatu ya ukuta wa nyuma, na jua la saa moja limeipiga. Kwenye wa kwanza lilining'inia tairi la kipara, jembamba, la lami na changarawe kavu. Kwenye wa pili la mistari, la siku ambazo hukujua njia itakuwaje. Kwenye wa tatu la meno, nene, meno yake yameachana kama ya mtoto wa miaka saba. Ulisimama hapo na kikombe cha chai mkononi, ukatazama kwanza mlima ulio juu ya mji, kisha bonde la Ruzizi, kisha misumari. Mimi nilidhani unasali. Siku moja nikakuuliza kama yote si mipira tu.

"Weye mwalimu," ukasema, "ukienda ku misa na ukienda ku shamba unavaa kiatu kimoja?"

Ukanikalisha kwenye kigoda ukanifundisha kama nilivyofundisha wengine. Mu mchanga unapunguza upepo ili mupira ilale chini kama mguu wa bata. Ku lami unajaza mpaka igonge kama mlango. Na mu potopoto ya Runingu, yale matope ya njia ya kwa mama yako, unatafuta meno ya kuachana, udongo upate pa kutokea, maana meno yakikaribiana yanajaa, na baada ya hatua kumi umebaki na kipara.

"Na kwa nini unafunga ya meno mbele tu?"

"Nyuma ikiteleza, unashuka, unasukuma. Mbele ikiteleza, unalala chini."

Nilicheka, Baba Furaha. Nilicheka kwa sababu ulilisema huku umeinua kidole, kama mkaguzi wa shule.

Jumapili nyingine zinanirudia bila kuitwa. Baada ya misa unanipakia nyuma, juu ya portebagaje ya kubebea mizigo, upande upande, mkono wangu umeshika mshipi wako. Tunaenda mpaka kule ziwa linapoanza, mto unapoingia na mafunjo yanapoinama. Kwenye mchanga unasimama, unatoa upepo kidogo, fsss, halafu tunaendelea bila sauti yoyote. Viboko wameacha nyayo zao, na sisi tunapita katikati yake kana kwamba chini yetu wametandika shuka. Nakumbuka nikiwaza kwamba kufa labda ni hivi, kubebwa na mtu anayeijua njia. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Sikuogopa kitu.

Enoki ndiye aliyekuletea tairi la meno. Naandika jina lake ili wasomewao wote wasikie tunazungumza habari za nani. Alikuwa akishuka kutoka milima ya juu na bidoni za maziwa, mlokole asiyeonja bia yako hata ukimbembeleza, na wewe ukimwita pasta. Siku ile alitoka Bujumbura nalo limezunguka shingo yake, watoto wanamfuata. "Hii ni ya njia ya kwa mama yako," akakuambia, kwa sababu alikuwa amekuona ukirudi kutoka Runingu umejaa matope mpaka masikioni. Hakutaka kitu. Mlikaa nyuma ya nyumba mkilifunga, mkilifungua, mkilifunga tena, kama watoto wenye kitu kipya.

Halafu vita vikafika bondeni. Wiki nzima mvua haikukatika, na wiki nzima watu walipita mbele ya nyumba na magodoro kichwani. Mama yako alikuwa bado Runingu, peke yake na kuku wake, amekataa kuondoka na majirani. Ukaniambia mchana, tukiwa tunakula:

"Kesho nitaenda kumutosha mama kule, nimulete hapa."

Nikakwambia Furaha bado ananyonya. Nikakwambia wanaume wanakamatwa njiani. Nikakwambia mambo mengi, na wewe ukanijibu kwa upole jibu moja tu: "Usiogope. Niko na mupira ya meno."

Neno hilo ndilo lililonionyesha la kufanya. Nilikujua. Hukuwahi kutoka na tairi lisilo la njia yake; mara ngapi uliwaacha wateja wakingoja ukibadilisha? Nikasema moyoni, hakuna tairi, hakuna safari. Ulipokwenda barabarani kuuliza habari, nililitoa msumarini, nikaliweka kwenye beseni, nikalifunika kwa nguo chafu, nikaenda nalo shuleni. Shule ilikuwa imefungwa na funguo nilikuwa nazo mimi. Nililisimamisha ndani ya kabati la ramani. Njiani nilisalimiana na watu watatu. Wote walinipa pole kwa kufua wakati wa mvua.

Jioni ile jua lilitoka kidogo, na mafundi wenzako walikuwa mbele ya nyumba. Nakusikia hadi leo.

"Nani ametosha mupira yangu ku musumari?"

Enoki akatokea wakati huohuo na bidoni ya maziwa ya mtoto.

"Weye njo unajua misumari yangu," ukamwambia.

"Baba Furaha, unacheza?"

"Sichezi. Ulikuwa hapa asubuhi. Minye nilikuwa mu choo, na tangu pale sikuangalia ukuta."

Fundi mmoja akacheka. "Kumbe maziwa ilikuwa ya kupelelezea nyumba! Watu wa mlima wanatafuta mipira ya kukimbilia."

Enoki hakumtazama huyo. Alikutazama wewe. "Kitu nilileta minye mwenyewe ku shingo, niibe tena?" Akangoja. Akaiweka bidoni kwenye ngazi. "Basi na maziwa hii, sema nimeiba. Asubuhi mtoto akunywe ya wizi."

Akaondoka. Siku zile kuitwa mtu wa mlima kulitosha kumfanya mtu atazamwe vibaya mjini, kana kwamba vita amevileta yeye. Sisi tukamwongezea na wizi.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, mkono wangu ndani ya kitenge umeshika funguo za shule. Zilikuwa za baridi. Nilijiambia: kesho kutwa, hatari ikipita, nitalirudisha, na tutacheka sote watatu. Nimefundisha miaka thelathini na mbili, nimewachapa watoto kwa uongo mdogo kuliko huo.

Asubuhi uliamka kabla yangu. Nilikukuta umeshamaliza kufunga tairi la kipara mbele, lile la mistari likiwa nyuma.

"Hiyo ya kipara, mu potopoto ya Runingu? Kwa nini hukuhamisha ya mistari?" nikakuuliza.

"Ya mistari inajaa udongo, ni sawa tu. Na mizigo iko nyuma, mama atakaa nyuma." Ukafuta mikono. "Mama hataniuliza nimefunga mupira gani."

Nilikujua kama mtu wa matairi. Nilikuwa nimesahau kwamba wewe pia ni mtoto wa mtu.

Kutoka pale tulipokuwa mpaka kabati la ramani ni mwendo wa kupika uji. Ningeweza kukimbia. Sikukimbia, kwa sababu niliogopa uso wako utakapojua, na niliuogopa uso huo kuliko barabara. Hiyo ndiyo dhambi yangu, Baba Furaha. Kuficha kulitokana na upendo. Kunyamaza kulikuwa kwa ajili yangu mwenyewe. Nililisikia tairi la kipara mpaka kwenye kona, likilia juu ya maji kama karatasi inayochanwa taratibu.

Siku ya tatu mama yako alifika Songo. Aliletwa amekaa nyuma ya kinga, na aliyeisukuma kinga hiyo tangu bondeni alikuwa Enoki. Alimshusha kwenye kona yetu, akamwonyesha mlango kwa kidole, akageuka. Hakufika ngazini. Mama aliingia na matope mpaka kiunoni, akaniambia yote akiwa amesimama. Mlikuwa mnarudi. Mbele iliteleza mara ya kwanza, mkacheka. Ikateleza mara ya pili. Ya tatu milio ya risasi ilikuwa karibu na watu wote walikuwa wanarukia ndani ya mihogo. Ukamsukuma mama akaingia, na wewe ukawa bado uko chini, mguu umenaswa na kinga.

"Enoki alikuwa mu ile mihogo," mama akasema. "Enoki njo alimuzika. Anajua pahali."

Risasi sikuipiga mimi, najua. Ila aliyekulaza chini mara tatu ni mimi.

Mama yako aliishi nasi mpaka mwisho wake. Kila mwaka aliniambia, "Mutafute Enoki akuonyeshe," na kila mwaka nilimjibu kwamba njia si salama. Mara nyingine ilikuwa kweli. Enoki alivuka mpaka, akakaa kambini miaka, akarudi, na sasa anatengeneza kinga sokoni Sange, karibu na pale mabasi madogo yanaposimama. Furaha akipita huko hurudi na kusema, "Mama, yule fundi mzee amekusalimia." Mimi nageukia ukutani. Ili nimwulize mume wangu amelala wapi ilinipasa kwanza nimwambie kwamba yeye si mwizi. Basi nimeishi bila kaburi lako, watu wakinisifu kwa uvumilivu.

Tairi liko chini ya kitanda hiki. Nililitoa shuleni vita vilipopungua, nikalifunga kwa kitenge cha harusi yetu. Sijawahi kuliosha. Katikati ya meno bado kuna udongo wa Runingu, wa safari yako nyingine, ile uliyorudi. Mkono ukiniruhusu, nashusha vidole naugusa.

*

Niliiacha barua hii siku nne. Furaha alisoma mpaka hapo juu. Hakunisemesha kutwa nzima. Alinipa dawa, akanigeuza, akanifuta uso. Kesho yake akaingia chini ya kitanda mwenyewe, akalitoa tairi, akapanda basi la Sange. Jioni alirudi, akaketi ukingoni mwa kitanda, akanieleza, na mimi nakueleza wewe kama nilivyosikia.

Enoki amekuwa mzee, jicho moja lina ukungu. Alilipokea tairi kwa mikono miwili. Hakuuliza ni nini. Furaha akamsomea barua, palepale, wateja wakiwa wamesimama. Ilipoisha, Enoki akasema, "Mama yako aliniacha mwizi miaka hii yote." Akaingia ndani ya kibanda, akakaa huko muda mrefu. Wateja wawili wakaondoka. Furaha alidhani ameambiwa aende, akaanza kukunja kitenge.

Akatoka na gurudumu la mbele la kinga yake. Akalivua tairi lake, akaanza kulifunga lako. Akaligeuza, akalikunja kidogo, nyufa zikaonekana. Udongo ule hakuukwangua.

"Imekauka," akasema. "Mlima haitapanda tena. Lakini mpaka pale kwa baba yako, itafika."

Furaha akamwuliza kama barua isomwe Songo. "Isome. Mafundi wa zamani wengi wamekufa. Watoto wao wasikie." Halafu, akiwa anajaza upepo, bila kuinua kichwa: "Mwambie mwalimu asiongeze kilo. Gari imufikishe ku barabara kubwa. Kutoka pale kuna potopoto, nitamusukuma minye."

Hakusema amenisamehe, na sikuwa nimemtuma Furaha kuuliza hilo.

Tutakwenda Alhamisi, mvua inyeshe isinyeshe. Daktari amekataa. Nimemjibu kwa sauti ya darasani, akafunga mkoba wake. Kama nitafika nikiwa nimeketi au nimelazwa, sijui, na hainisumbui tena. Usiku na mchana vimekwisha kuwa kitu kimoja kwangu, na ndani yake nasikia mchanga wa Jumapili zetu.

Wewe tega sikio tu. Ukisikia tairi la meno likija polepole katikati ya mihogo, halina upepo mwingi, mwenye kulisukuma ni mzee anayepumzika kila baada ya hatua kumi, na mzigo wake ni mwepesi, usijiulize ni nani. Nakuja kukuomba radhi mimi mwenyewe, na aliyenileta ni rafiki yako.

Mkeo, mwanafunzi wako wa matairi,
Mama Furaha